Mafuta ya Rihani kwenye Usukani

Mwizi wa mafuta yangu nilikuwa namjua. Ushahidi sikuwa nao, lakini namjua: ni jirani yangu wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akija kuomba moto asubuhi huku macho yake yanazunguka kila pembe ya chumba changu. Mafuta yale nilikuwa napika mwenyewe. Nakuna nazi, nakamua tui, nachemsha mpaka mafuta yanapanda juu, halafu natia rihani na karafuu, nafunika mpaka kesho yake. Hakuna mwanamke mwingine pale kijijini aliyekuwa na mafuta yenye harufu ile. Na kila Ijumaa chupa inapungua! Nikaanza kutia alama ya mkaa ubavuni mwa chupa. Ikapungua vilevile. Namtazama jirani siku ya Ijumaa, nywele zinang'aa. Nikasema moyoni, haya bibi, iko siku.

Lakini wakati ule nani hakumshuku mwenzake? Tulikuwa tumehamishwa, tukaacha minazi yetu na makaburi ya watu wetu, tukapangwa palepale kisiwani, kando ya barabara ya Kirongwe katika kijiji cha ujamaa, nyumba mistari mistari, mtu akikohoa jirani anamjibu. Ukipika samaki wanajua ni samaki gani. Ukinuna wanajua umenuna kwa nini. Mume wangu ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu ya kijiji, ile iliyokuwa ikipeleka mbata, nazi zetu zilizokaushwa, Kilindoni na wagonjwa hospitali. Kazi yake aliipenda, tena sana, ila mdomo wake haukuwa na kufuli. Alisimama mkutanoni mbele ya watu akasema, "Mimi nimehama, lakini minazi yangu imekataa kuhama." Watu wakacheka. Waliocheka zaidi ndio walioyachukua maneno wakayapeleka yanakopelekwa.

Nyumbani tulikuwa tunakaa na baba mkwe wangu. Ujanani alikuwa nahodha, sasa magoti yalikuwa yamekwisha na bahari anaisikia kwa watu. Siku gari lilipoletwa kwa mara ya kwanza alilizunguka, akaligonga ubavuni kwa kidole, akamwuliza mwanawe, "Usukani wake unashika wapi?" Mume wangu akafungua boneti akamwonyesha: hii shafti inatoka kwenye usukani, lile ni boksi linalogeuza magurudumu, na hapa katikati pana mpira huu wa mviringo unaoviunganisha. Mpira wenyewe mnene, upana wa kiganja, umekazwa kwa bolti. Mzee akaugusa. "Kumbe roho yake yote iko hapa," akasema, na hakuuliza kitu kingine.

Basi ikatokea siku mume wangu anampeleka Kilindoni bwana mmoja mkubwa wa wilaya, mtu wa bara, aliyekuja kukagua mashamba. Kwenye kona, mume wangu anakata usukani, usukani unazunguka bure mikononi, gari linakwenda linakotaka. Likaingia minazini. Mbata zikamwagika njia nzima. Mume wangu alitoka na michubuko, yule bwana akavunjika mkono. Kufika alasiri, neno lilikuwa limeshafika kijijini kabla ya gari kuvutwa: hujuma.

Neno hilo siku zile hukuweza kulitania. Kuna mtu wa kijiji cha pili alichukuliwa kwa neno hilohilo, akavushwa bara, na aliporudi watoto wake walimkimbia kwa kuwa hawakumjua sura. Mimi nikalijua hilo, mume wangu akalijua, tukala chakula cha usiku bila kutazamana. Nikamshuku jirani, nikamshuku mgambo aliyekuwa akilinda gari, nikamshuku mwenyekiti kwa sababu ya shemeji yake aliyeutaka udereva. Wallahi hata mume wangu nilimtazama kwa jicho la pembeni nikawaza, huyu na minazi yake huyu.

Yule bwana akarudi mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, na mgambo wawili, na mpira mpya uliotoka Dar es Salaam kwa boti, umefungwa kwa karatasi ya kaki. Pikapu ilikuwa imevutwa mpaka uwanjani mbele ya nyumba yetu. Watu wakajaa. Akasema, "Ndugu dereva, utautoa wewe mwenyewe, kila mtu aone. Tukikuta umekatwa, tunaondoka na wewe kwenye boti ya leo."

Mume wangu alivua shati, akanyoosha magurudumu yakatazama mbele sawasawa, akachomoa waya wa betri. Akachukua msumari akachora mstari kwenye shafti na kwenye kile kichwa chake cha chuma, ili virudi vilivyokuwa, maana vikipishana kidogo tu usukani unakaa upande. Halafu akaniita mimi.

"Panda. Shika usukani. Usiuache uzunguke hata kidogo mpaka nikwambie."

Nikapanda mimi na kanga zangu, watu wote wananitazama. Nikaushika kwa mikono miwili. Yeye kichwa kimezama ndani ya boneti, namsikia anavyopumua, namsikia spana inavyoteleza na anavyoguna. Nati moja ilikataa kabisa, akaigonga, akaitemea mate, ikakubali. Kisha akaisukuma shafti juu, nikahisi usukani umekuwa mwepesi mkononi mwangu. Mpira ukatoka.

Ulikuwa umevimba. Umelegea kama muhogo uliolowekwa, na kwenye matundu ya bolti umechanika wenyewe. Alama ya kisu hakuna. Moyo wangu ukaanza kushuka mahali pake. Lakini yule bwana akaunyakua kwa mkono wake mzima, akauminya, vidole vikang'aa. Akaupeleka puani.

"Aa! Huu umepakwa kitu," akasema. "Tena si mara moja. Umelainishwa mpaka ukafa. Nani mwingine anagusa gari hili?"

"Simjui," mume wangu akajibu.

Na hapohapo, kupitia lile tundu la shafti miguuni pangu, ile harufu ikanifikia. Rihani. Karafuu. Mafuta yangu!

Loo! Damu ikanipanda. Nikayaunganisha yote papo hapo: huyu mwanamke ananiibia mafuta kila Ijumaa, kumbe si ya nywele, kumbe anammaliza mume wangu. Nikamwona pale mbele ya watu amekunja mikono, amejitanda vizuri. Nikafungua mlango, mguu mmoja nje, jina lake liko ncha ya ulimi.

"Usiachie usukani!" mume wangu akapiga kelele.

Nikarudi. Nikaushika, nikameza maneno yangu yote. Ni Mungu tu aliyenizuia.

Kwa sababu kabla sijavuta pumzi ya pili, watu walipisha njia, na baba mkwe wangu akaja anajikongoja katoka uani, kanzu ya Ijumaa mwilini, kofia kichwani, na mkononi ana chupa yangu. Yangu! Na alama za mkaa.

"Shikamoo mzee," yule bwana akasema kwa mazoea.

"Marahaba mwanangu, pole na mkono." Kisha akamgeukia mwanawe, uso umechangamka. "Nimeambiwa umeletewa mpya. Umeshaupaka? Usiuweke mkavu, utakula chuma."

Watu wote wakamgeukia.

"Mzee," yule bwana akasema polepole, "wewe ndiye unayepaka mafuta hapa?"

"Nani mwingine? Kila Ijumaa, nikitoka kusali alfajiri. Nafungua hapa, napaka, nasoma Fatiha, nafunga. Chombo changu nilikipaka hivyohivyo vyuma vya usukani miaka yote, na hakikuniangusha. Haya ya huyu mkwe wangu ndiyo mazuri, sifa ya papa inanuka, haifai kwa chombo cha mwanangu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaziba mdomo. Mimi niliweka paji la uso kwenye usukani. Mafuta ya papa, ile sifa, aliyaona hayamstahili mwanawe, akachagua yangu. Nilitaka kulia na nilitaka kumkaripia, na sikuweza lolote.

Yule bwana hakucheka. Alikuwa mtu aliyezoea kuona kamba kila mahali, na kila kamba ina mtu kaishika upande wa pili. "Mzee, nani alikutuma?"

Mzee akafungua kinywa. Hakulielewa swali. Mgambo mmoja akasogea. Nikaona magoti yale, nikaiwaza boti, nikawaza lile jengo la bara nisilolijua.

"Nilimtuma mimi," mume wangu akasema. Hakuinua kichwa kutoka kwenye boneti. "Nilidhani mpira unakauka. Ni ujinga wangu."

Aliyeingilia kati ni jirani yangu, yule yule. Akasema kwa sauti, "Bwana mkubwa, huku kwetu kila nahodha hupaka usukani Ijumaa. Hata marehemu baba yangu. Mtu hahujumu chombo kwa kukisomea Fatiha." Watu wakaitikia, ndiyo, kweli, hata wangu, hata babu yangu. Sikumtazama usoni, nilishindwa.

Yule bwana aliwaza sana. Mwishowe akanyoosha mkono mzima. "Malizia kufunga. Kisha nipe funguo. Ujinga hausafiri kwenye boti, lakini gari hili hutaligusa tena."

Mume wangu akaulinganisha mpira mpya na ile mistari yake ya msumari, akatia bolti, akakaza moja baada ya nyingine, akakunja vibati vya kuzuia nati zisilegee. Alifunga kwa uangalifu uleule, ingawa sasa ni gari la mtu mwingine. Halafu akaniambia, "Haya, achia." Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, akaja akavifungua yeye.

Udereva akapewa yule shemeji wa mwenyekiti. Mume wangu akachukua jembe kama wengine. Mzee hakuwahi kuyahusisha mambo yale na mafuta yake, nasi tukamwambia gari limepewa vijana kwa zamu, na chupa nikaihamishia kwenye sanduku langu. Jioni moja pikapu ilipita mbele yetu inakwenda Kilindoni, na ilipokata kona usukani ukalia kiiii.

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Unasikia? Huyu hapaki. Chombo hakijui, huyu. Si kama wewe."

Mume wangu alikuwa anakung'uta udongo kwenye jembe.

"Kweli, baba," akasema.