Mbeleko ya Mdogo Wangu

Siku ile ya posa walikuwepo shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aliyekuja kutoka Mangapwani kuniuguza. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima anayeuza bajia. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa anaposwa, kakaa chumba cha ndani kama ilivyo ada. Na wanawake watatu wa upande wa bwana harusi, mkubwa wao akiwa bibi yake. Na mimi, nyuma ya wote, kwenye kiti cha plastiki, nimefungwa mkanda wa mgongo chini ya dera. Nawataja kwa sababu baadaye kila niliyemuuliza aliniambia hakuona kitu.

Wenzangu walikaa mkekani. Mimi mkeka nilikatazwa. Nilikuwa nimepasuliwa mgongo si muda mrefu, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa Kihindi wa hapa hapa mjini, mpole wa mikono na mkali wa mdomo, alinipa makatazo yake: nisikae chini, nisiiname, nisijipinde, nisinyanyue hata ndoo ya nusu. Nikamuuliza nitafagiaje na ufagio wa chelewa. Akasema nisifagie. Nitakunaje nazi? Nisikune. Nikamwambia angefupisha tu, aseme nisiwe mwanamke. Akacheka, kisha akaniamuru nirudie zoezi.

Alinifundisha upya mambo ambayo mtoto hafundishwi. Kuamka: nigeuke ubavu mwili mzima kwa pamoja, kama gogo, miguu itangulie kushuka, ndipo mkono usukume godoro. Kuinuka kitini: nisogee kwanza ukingoni, nirudishe miguu chini ya magoti, nikaze tumbo, nivute pumzi, ndipo ninyanyuke mgongo umenyooka.

"Hata nyumba ikiungua," akanambia, "usiruke hatua."

Nilimtii. Mazoezi niliyafanya asubuhi na jioni, mengine machozi yakinitoka, na sikuacha hata siku niliyohisi mguu unawaka moto mpaka kwenye unyayo. Nilitaka kurudi kazini. Nilikuwa nafua mashuka katika nyumba ya wageni mtaa wa Malindi. Yanafuliwa uani na kuanikwa juu ya paa, na katikati yake ni ngazi za nyumba za zamani, zilizosimama wima kama ukuta, nawe una beseni la mashuka mabichi kichwani. Daktari aliandika kuwa mgongo umeharibiwa na kazi nzito. Hakuniuliza nilianza kubeba lini.

Nilianza kwa kumbeba huyu mdogo wangu. Baba alifariki, mama akamfuata mtoto akiwa bado ananyonya. Nilikuwa kidato cha pili. Baada ya khitma shangazi alimtazama yule mtoto, kisha akanitazama mimi. "Wewe ndiye mkubwa, utaweza," akasema, akakusanya mabakuli yake akarudi Mangapwani. Nikaacha skuli. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mama, nikapika naye, nikafua naye, nikapanda naye ngazi. Akishikwa na homa alikuwa hakubali kushuka, basi nililala nimekaa.

Nilipopasuliwa, shangazi alikuja bila kuitwa. Siwezi kuficha hilo. Alinikogesha, alinivisha, na kila ulipofika wakati wa sala alipiga magoti akaniosha miguu kwa ajili ya udhu, maana mwenyewe nilikuwa siifikii. Mtu anayekuosha miguu kila sala, utamgombeza vipi?

Kwetu mume anapooa huleta kilemba cha baba na mbeleko ya mama. Mbeleko ni nguo ya kumfungia mtoto mgongoni, na hupewa aliyembeba bibi harusi utotoni, mbele ya watu, kama kumwambia kuwa tumeona ulivyochoka. Kuidai kwa mdomo ni aibu. Mwenye haki yake husogea tu mbele, na wenzake wakampisha. Mimi cheti cha skuli sikukipata, na kazini hakuna aliyewahi kunambia ahsante. Hii kanga niliitaka. Wiki nzima sikuwa na jengine moyoni.

Yule bibi alifungua begi, akatoa doti mpya, akaipangusa kwa kiganja.

"Mbeleko hii namkabidhi nani, jamani? Nani alombeba mwenetu?"

Nikasogea ukingoni mwa kiti. Nikarudisha miguu chini ya magoti. Shangazi alikuwa mkekani, magoti yake yanakaribiana na ya mgeni.

"Mama yake hatunaye, Bi Mkubwa," akasema.

Nikakaza tumbo.

"Mimi ndo nilobakia."

Nikavuta pumzi. Nilipokuwa nimesimama wima, kanga ilikwisha kutandazwa begani kwa shangazi na wageni wanapiga vigelegele. Jirani akageuka, akaniona nimeng'ang'ania mgongo wa kiti.

"Mpisheni mgonjwa, anataka choo."

Wakakunja miguu, wakanipisha. Bibi akanipa pole, akaniombea nafuu. Nikapita katikati yao, hatua fupi fupi kama nilivyofundishwa, nikaingia chooni nikafunga mlango, nikasimama humo nikitazama ndoo mpaka vigelegele vikaisha.

Shangazi hakunificha. Jioni aliniambia angewaambia nini watu, mimi ni dada tu, si mama, tena mgonjwa, na wao wanataka kuona mtu mzima. Akaikunja kanga akaitia kwenye mkoba wake, akaenda kuteka maji ya udhu. Nikamnyooshea miguu.

Nilipokwenda mazoezini, binti aliniuliza kama nimewahi kuruka hatua. Nikamwambia sikuruka hata moja.

Mdogo wangu nilimweleza yote waziwazi. Alilia, kisha akasema shangazi ni mtu mzima, tusimwaibishe kabla ya harusi.

"Ntakununulia mie, dada. Doti nzuri kuliko ile."

"Wewe ndiye ulobebwa," nikamwambia. "Walete wao wanaokuoa, tena mbele ya watu wale wale."

Akaniahidi atamwambia mumewe wakishaoana.

Harusi ilipita, nami niliihudhuria nimeegemea ukuta. Shangazi alirudi kwake. Mkanda nimeuvua, natembea mwenyewe mpaka sokoni na kurudi, ingawa mguu wa kushoto una ganzi ambayo binti anasema huenda isiondoke. Kazi ya mashuka alishapewa mwengine. Sasa nakunja taulo za nyumba hiyo hiyo, nimesimama kwenye meza, kwa mshahara mdogo zaidi.

Mdogo wangu anakaa Fuoni. Kila akija namuuliza kama keshasema. Ananijibu kuwa mumewe ana shughuli nyingi, au wakwe wana mgonjwa, au wakati haujafika. Juzi alikuja ana mimba. Alikaa mkekani karibu na kiti changu, akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza kama mgongo utaweza kumsaidia kumbeba mtoto atakapozaliwa.

Nikamwambia waanze kuleta mbeleko ya aliyembeba mama wa huyo mtoto.

Mpaka leo hawajaileta.