Kidari cha Harusi

Ulikuwa ule mwaka sukari ilipopotea madukani, tukanywa chai kwa tende. Tarehe mie sizishiki, ila ladha ya chai ile naijua. Ndio mwaka alioolewa mjukuu wangu.

Nyie wa shule mnasema kifua. Sie nyumbani tulisema kidari, cha mtu na cha kuku, vyote kidari. Neno limetoka wapi sijui. Marehemu mume wangu alidai la Kiarabu, lakini yeye kila neno zuri alilipeleka Uarabuni. Siku hizi ukilitaja watoto wanadhani unaagiza kuku. Bibi yangu aliniambia kidari ni pale mtoto anapolala akasikia moyo wa mtu. Ndiyo maana kwenye ukoo wetu binti akiolewa anapikwa kuku mzima, na yeye mwenyewe anakata kidari kwa mkono wake, anamwekea kwenye sahani yule aliyemlea. Si aliyemzaa. Aliyemlea. Mara nyingi ni mtu mmoja, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Mwanangu alikwenda Omani kufanya kazi za ndani, akaniachia mtoto wake wa miezi saba na pumu juu. Kumlaza kitandani haiwezekani, anatweta kama aliyekimbizwa. Nikamlea nimekaa, mgongo ukutani, yeye juu ya kidari changu, mpaka akakua miguu ikawa inagusa sakafu. Mgongo wangu ulipinda pale pale nyumbani Chamazi na haukunyooka tena. Mama yake alituma nguo, alituma simu, aliuliza hali. Sisemi hakuuliza.

Wiki ya harusi mjukuu akanifuata jikoni, anataka kujua ile mila ya kidari inakwendaje. Nilifurahi, nikajifanya nina kazi. Nikamchinjisha jogoo wangu mwenyewe, nikampika kwa tui zito, nikalifunga sufuria kwa khanga, nikalibeba mpaka ukumbini Mbezi Beach. Bwana harusi aliponiona nimelibeba akanitania.

"Mke mkubwa, umekuja kuniroga?"

Nikamwambia mwanamume wa kurogwa hata hajafika.

Basi wakati wa kula, MC akatangaza. Mjukuu wangu akakata kidari, akainuka nacho. Mie nimeshanawa, nimeshakaa vizuri. Akapita mbele yangu, gauni likanifuta magoti, akaenda kukiweka kwenye sahani ya mama yake, aliyekuja kutoka Omani kwa harusi. Ukumbi mzima vigelegele. Mwanangu akalia, na alilia kweli, machozi ya uongo ya mwanangu nayajua. Kisha akamega kipande, akakitia kwenye kisosa, akaniletea.

"Na wewe onja, mama."

Jogoo nimemfuga mie, nimempika mie, halafu naambiwa nionje.

"Sili kidari cha kugawiwa," nikasema. Sikupaza sauti. Meza ya jirani ikasikia.

Baada ya wiki mjukuu akaja kwangu na hotipoti. Akapiga magoti, shikamoo bibi, mie nikageukia ukuta. Akaanza kujieleza. Akasema mama yake kalea watoto wa watu miaka yote ile, wa kwake kaja kumkuta mtu mzima. Alitaka ajione mama hata mara moja, mbele za watu.

"Wewe bibi nilijua huwezi kupungukiwa," akasema. "Mie ni wako tu."

Alikuwa na maana yake. Nilimwelewa, na kuelewa ndiko kulikoniuma zaidi, kwamba mie nimekuwa kama kinu cha jikoni: kipo tu, hakuna anayekiaga wala kukisalimia. Akafungua hotipoti. Kidari cha kuku wa kisasa, kipana, cheupe, kizima. Akasema hajamgusisha mtu, kaniletea mie peke yangu, nile basi yaishe.

Nilimtazama. Alikuwa ameshaanza kuhema kwa kasi, kama zamani. Mkono wangu ulitaka kwenda mgongoni kwake, nikaukalia. Nikachukua mfuniko, nikafunika.

"Sili kidari cha kugawiwa."