Pembe za Gitaa la Thuo

Udongo wa kaburi la Thuo ulikuwa bado mbichi Kabiru alipotoka Subukia kuja kudai gitaa.

Hakulidai moja kwa moja. Kwanza alifunga macho akaomba, kisha akala viazi, kisha akamsifu marehemu mpaka mjane, Wariara, akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Alimjua Kabiru. Yeye na Thuo walipiga muziki pamoja katika baa za Nakuru miaka ya sabini, kabla Thuo hajaokoka na kurudi Dundori kulima viazi. Mtu ambaye hakuja kumwona mgonjwa, wala hakufika mazishini, leo amekuja kulia nini?

"Mama Njoki," Kabiru akasema, akipangusa mdomo, "ile gitaa iko kanisani ni yangu."

"Gani?"

"Kwani ziko ngapi? Niliinunua mpya hapo Nakuru, sabini na tano. Nyekundu, na pembe mbili. Bendi ilipovunjika, Thuo akabaki nayo."

"Akabaki nayo ama aliiba? Sema tu, mzee. Marehemu hatakujibu."

"Kuiba sijasema mimi. Umesema wewe."

Wariara akamwambia gitaa alilokuwa akipiga Thuo kanisani ni jeupe, limeviringana kama kiazi, na halijawahi kuota pembe. Kabiru akacheka. "Rangi ni rangi, mathe."

Alipoondoka, Wariara aliuzuia mlango wa jikoni usijifunge kwa kile kipande cha mti kilichopinda, kimekuwa cheusi kwa moshi, ambacho Thuo alikileta zamani na kumkataza kukichoma. Akaketi, lakini moyo haukuketi. Mume wake alikuwa mzee wa kanisa. Mtu wa maneno machache. Hata jembe la jirani hakulilaza kwake. Lakini gitaa hilo alilipata wapi? Wariara hakuwahi kuuliza. Kama ni la wizi, basi miaka yote hiyo alimsifu Bwana kwa mali ya mwenzake, na amezikwa nayo moyoni.

Akaomba gitaa kwa mchungaji, akalifunga kwenye blanketi, akalipeleka Nakuru kwa Jasvinder Singh, fundi wa redio na magitaa. Kabiru naye akamwita aje, asije akasema baadaye kwamba fundi amehongwa.

Jasvinder alianza kulifungua. Kila skrubu iliyotoka, Wariara aliidaka na kuifunga kwenye ncha ya kitambaa chake.

"Mama, unaogopa nitakula skrubu?"

"Sijui unakula nini. Endelea."

Fundi akaligeuza, akaguna. "Jina hakuna. Mtu amepiga msasa, akapaka rangi ya milango."

"Ni la mwaka gani?"

"Polepole. Gitaa ni kama ng'ombe, haiulizwi miaka kwa ngozi. Lazima ifungue mdomo."

Akakwaruza ndani, pale nyaya zinapolala. Rangi nyekundu ikatokea. Kabiru akajipiga paja. Jasvinder akapitisha kidole ukingoni. "Hapa kulikuwa na pembe mbili. Zimekatwa kwa msumeno. Sasa nani anafanyia gitaa hivi?"

Wariara alijua. Mzee wa kanisa wa siku zile alikuwa ametangaza kwamba kitu chenye pembe hakitapanda madhabahuni, na chekundu pia kibaki nje. Thuo alikuwa akisema kwa mzaha kwamba yeye na gitaa lake waliokolewa siku moja. Hapo Wariara akakumbuka kile kipande cha mti mlangoni, jinsi kilivyopinda kama pembe.

"Basi nibebe?" Kabiru akauliza, tayari amesimama.

"Kaa chini. Mdomo haujafunguka wote."

Fundi akasoma namba zilizogongwa kwenye vifaa vya ndani. "Mwili ni wa sabini na nne, sabini na tano. Hapo mzee hajadanganya." Kisha akang'oa shingo, akakunja uso. Chini yake kiwandani walikuwa wameandika mwaka kwa penseli: sitini na nane. Matundu ya zamani yalizibwa kwa njiti za kiberiti, na kipande cha pakiti ya sigara kilishindiliwa ili shingo isicheze. "Hizi ni gitaa mbili, mama. Mwili wa kijana, shingo ya mzee. Zote za Kijapani, lakini modeli siwezi kuapa. Pembe ndizo zingesema."

Wariara alikuwa ameinama. Ubavuni mwa shingo ile palikuwa na chale tatu za kisu, fupi, sambamba. Kila mpini wa jembe nyumbani kwake ulikuwa na chale hizo hizo.

"Shingo ni ya Thuo," akasema. Akamgeukia Kabiru. "Wewe ulinunua mpya, nzima. Shingo yako iko wapi? Na mwili wa gitaa yake ulienda wapi?"

Kabiru akatazama barabarani. "Hayo ni mambo ya zamani, Mama Njoki."

"Wewe ndiye umeyaleta."

"Nilipigana na mtu kwa baa moja huko Njoro. Nikashika gitaa iliyokuwa karibu, nikampiga nayo. Ilikuwa ya Thuo. Mwili ukapasuka, nikabaki na shingo mkononi."

"Halafu?"

"Halafu Thuo akanyamaza. Afadhali angenitukana. Kesho yake nikampa yangu. Akachukua mwili tu, akasema shingo yake ameizoea. Yangu iko juu ya kabati mpaka leo."

"Kwa hivyo ulimpa."

"Nilimpa. Nilidhani hakuna mtu amebaki wa kukumbuka."

"Mungu hajazikwa, mzee."

Akafungua kitambaa, akamwaga skrubu mezani. "Fundi, rudisha kama ilivyokuwa."

Jumapili iliyofuata Kabiru alisimama mbele ya kanisa, kwa sababu Wariara alikuwa amesimama nyuma yake, akasema kwamba gitaa lile alimpa Thuo kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya ibada Wariara akamchukua hadi nyumbani, akachomoa kile kipande cha mti, akakikwaruza kwa kisu mpaka wekundu ukaonekana.

"Hii ndiyo yako."

Kabiru akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza. "Na ya pili?"

Wariara akamtazama tena kwa jicho lile la pembeni. "Ya pili muulize aliyekata."

Upepo ukausukuma mlango wa jikoni, ukajifunga kwa kishindo. Wariara akatoka uani kutafuta jiwe.