Inchi Mbili Nilizokata Kwenye Boti

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, dada yangu alinipigia simu kuniambia kwamba ng'ombe wake wa maziwa angechukuliwa saa saba. Mumewe alikuwa amepata mnunuzi. Pesa hizo angezijumlisha na akiba yake anunue injini kubwa zaidi ya boti.

"Mwambie kitu," dada akasema. "Mimi nikiongea anasema najali maziwa tu."

Nilivaa viatu, nikavivua, nikavivaa tena. Tangu Jumatano nilijua injini aliyokuwa nayo haikuwa na kasoro, na nilijua kosa lilikuwa la nani.

Wikendi shemeji huzungusha familia za wateja kwa boti katika bwawa la shamba la kahawa, upande wa Ruiru. Boti ni ya mbao, hubeba watu watano. Aliponunua injini iliyotumika aliniita mimi niifunge, kwa kuwa Thika wananijua kama mtu wa pampu. Sikusomea kazi hiyo. Nilifungua pampu mbovu moja baada ya nyingine mpaka nikazielewa, na somo la kwanza lilikuwa kwamba bomba la kuvuta lisipozama vya kutosha hunyonya hewa. Basi nilipoona propela iko karibu na uso wa maji, nilichukua msumeno nikapunguza inchi mbili za ule ubao wa nyuma unaobeba injini. Injini ikashuka. Nikarudi nyumbani Ngoingwa nimeridhika.

Tangu siku hiyo boti ililima maji badala ya kupita juu yake. Pua iliinuka, maji yakaruka nyuma na kulowesha wateja, petroli ikaisha upesi. Shemeji akasema injini ni dhaifu. Sikumbishia. Jumatano nikapata kwenye simu maelekezo ya injini za aina hiyo. Mchoro ulionyesha bapa la chuma lililo juu ya propela likiwa sawa na chini ya boti. Letu lilikuwa limeshuka inchi mbili na nusu zaidi, mbili zangu na nusu ya tangu mwanzo, likikokotwa majini kama breki. Kwa siku tatu niliandika ujumbe kwa shemeji na kuufuta.

Nilifika bwawani saa nne kasorobo, nimefunga vipande vya mbao ngumu nyuma ya pikipiki.

"Shem! Umekuja kumuaga ng'ombe?"

"Nimekuja kuinua injini."

"Mimi natafuta injini ya nguvu za farasi arobaini, wewe unaniletea kuni!"

Hata hivyo alikubali tupime. Tulipakia magunia matatu ya mchanga badala ya wateja, tukaenda kutoka ukingoni hadi nyumba ya pampu iliyo ng'ambo. Dakika moja na sekunde arobaini. Nikaongeza ubao wa inchi mbili na nusu, nikaupitishia bolti mbili, nikakaza injini juu yake. Mikono yangu ilifanya kazi polepole kuliko nilivyotaka. Saa tano na nusu tukapima tena. Safari hii pua ilishuka na boti ikateleza. Dakika moja na sekunde nne.

"Haiya!" shemeji akasema. "Ongeza!"

"Inatosha."

"Ongeza, bwana!"

Nikaongeza inchi moja. Tulipoenda moja kwa moja ilikuwa nzuri, lakini kwenye kona injini ilipiga kelele na boti ikakosa nguvu kabisa. Propela ilikuwa inakula hewa. Nikaitoa inchi ile. Nilichungulia kama maji ya kupoza injini bado yanatoka vizuri. Yalikuwa yanatoka. Saa ilikuwa sita na dakika ishirini.

"Mpigie dada," nikasema.

Hakutoa simu. Alikuwa anaupapasa ule ubao, pale mkato wa msumeno ulipokutana na kipande kipya.

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Na jana nilipokupigia nikakwambia nauza ng'ombe?"

"Nilijua."

"Ukaniambia niangalie bei vizuri."

"Ndiyo."

Nilitamani anitukane. Badala yake alimpigia dada, akamwambia ng'ombe asitoke zizini. Akampigia mnunuzi. Huyo alikuwa njiani, ameshapita Juja na pikapu ya kukodi, na sauti yake niliisikia bila spika.

Tulimkuta nyumbani kwa shemeji, amesimama langoni na dereva wake. Dada alikuwa ameegemea mlango wa zizi, mikono kifuani.

"Mnanichezea?" mnunuzi akauliza. "Gari hili nani atalipa?"

Shemeji alininyooshea kidole. "Huyu. Ni fundi wangu."

Dereva akataja nauli ya kuja na kurudi. Nilihesabu noti mbele ya wote wanne, polepole, nisikosee: shilingi elfu mbili na mia tano.