Khanga ya Sanamu

Katika uwanja wa hospitali moja hapa Bariadi kuna sanamu fupi, ya kimo cha mtu, ya mama aliyeinua mtoto juu. Juzi nilimkuta mwanamke mtu mzima akimfunga khanga mtoto yule wa saruji. Mlinzi akaja mbio, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, hiyo sanamu haisikii baridi."

"Binti yangu yuko leba. Leo mtoto hakai uchi mbele yangu."

Mlinzi akafungua. Mama akafunga tena, akakaza fundo kwa meno.

Muuguzi akaita, "Bibi, mjukuu kafika! Leta khanga." Mlinzi akarukia ile ya sanamu.

"Hiyo iache," mama akasema, akichomoa nyingine mkobani. "Ya mjukuu ninayo."

Siku ya uzinduzi tulihutubiwa sana kuhusu maana ya sanamu ile. Jana nimepita: mlinzi alikuwa anakaza fundo.