Herufi za Kale Zilizomgeuza Baba Papa

Nilikuwa nafanya kazi Hopkins, mji mdogo huko Marekani, kwenye kampuni ndogo ya programu za kuandikisha wagonjwa. Kazi yangu ilikuwa kuichokoza programu mpaka ikosee. Nilipenda kuichokoza kwa alama moja ya maandishi ya silabi ya Ugiriki ya kale, yenye zaidi ya miaka elfu tatu. Imekaa kama shoka la makali mawili, na husomwa "a". Kompyuta huipa kila herufi namba yake. Tulizozoea zimo katika namba elfu sitini na tano na ushei za mwanzo; hii ndiyo ya kwanza kabisa kupita hapo. Programu isiyojua kuendelea hupigwa na bumbuwazi.

Yetu ilipigwa na bumbuwazi wiki sita. Kila nikiibandika, vinatoka viboksi viwili vitupu.

Alhamisi moja asubuhi shoka likatokea. Zima, jeusi, limesimama wima! Niliruka, kiti kikaanguka. Mwenzangu wa meza ya pili, dada wa Kikenya, akaja mbio.

"Kwani kuna nini?"

"A imetokea!"

"A gani?"

"Ya kale!"

Tukashikana mikono, tukazunguka kama watoto. Meneja alichungulia, akafunga mlango wake taratibu.

Sikuweza kungoja kesho. Nikawapigia wazazi Tanga.

"Shikamoo mama. Leo nimeiona a!"

"Marahaba. Miaka yote hiyo ya chuo, mwanangu, ndiyo kwanza unafika kwenye a?"

Nikamweleza kwamba maandishi hayo yangetufaa sisi, maana kila alama ni silabi nzima: ma, ka, da. Nikawatumia picha ya maneno matatu kwa alama hizo: mama, kaka, dada. Mama akapiga kigelegele. Baba akamnyang'anya simu.

"Na mimi je?"

Nikapekua orodha yote. Nikaanza kucheka kabla sijajibu.

"Baba, hawana ba. Mahali pa ba huweka pa. Kwa hiyo wewe ni... papa."



"Samaki?"

"Ndiyo, baba."

Alicheka mpaka akapaliwa, na nyuma yake nikamsikia mama akiita, "Papa, chai inapoa!" Alipopata pumzi aliamuru nimtumie na yake. Akaifanya picha yake ya simu, na wenzake wa msikitini walipouliza, akawajibu kwa fahari kwamba hilo ni jina lake kwa Kigiriki.