Nilimtembeza mama yake Akinyi Kisumu nzima, kufika mezani akanikimbia

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Na nyinyi mnaouliza kila siku Kisumu kuna nini cha kuona, jibu lenu limo humu humu.

Mimi ni mtu wa Murang'a, nauza vyombo vya plastiki soko la Kibuye, hapa Kisumu.

Akinyi ni mchumba wangu, kwao ni upande wa Bondo. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mama ndilo neno. Wikendi iliyopita mama akaja kuniona kwa macho yake, halafu arudi akawaambie wazee kama nikaribishwe au nitafute kwingine.

Kumkalisha sebuleni tukodoleane macho niliona ni stress ya bure. Nikasema tutembee sote watatu.

Tulianzia ufuko wa Dunga, ziwani. Mkienda, nendeni asubuhi, wavuvi wakiwa wanashusha samaki na akina mama wanabishana bei. Kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mafunjo, na ndege ni wengi ajabu. Tukapanda boti kutafuta viboko, tukaona masikio tu.

"Sasa Kamau, hii masikio ndio umenitoa Bondo nikuje kuona?" mama akanitania.

Mambo yalikuwa shwari. Mimi na yeye tulikula njugu kutoka pakiti moja, stori zikitiririka.

Kisha Kit Mikayi, nje ya mji kwenye barabara ya Bondo. Ni mawe makubwa yaliyobebana, ukiyatazama unajiuliza yamekataaje kuanguka. Vaeni viatu vya maana, si sandozi kama mimi. Mama hupita hapo kila akija mjini na hakuwahi kushuka hata siku moja.

Jina hilo kwa Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Inasemekana mzee mmoja aliyapenda mawe hayo, akashinda hapo kila siku, hadi mkewe akasema hilo jiwe ndilo mke wake mkubwa.

Mama akanigeukia. "Na wewe? Duka yako ndio mke ya kwanza?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Mama, duka ikiungua naanza upya. Akinyi nikimkosa, siwezi anza upya."

Hakucheka. Akageuka, akatangulia kushuka, tukarudi mjini. Nikaanza kujiuliza nimekosea wapi.

Chakula nilikuwa nimeagiza pale ufukoni: samaki mmoja mkubwa, mzima, sinia moja, viti vitatu. Kwetu mgeni wa heshima unakula naye meza moja. Nikachukua hata maji nimnawishe mwenyewe.

Mama akatazama sinia, akarudi nyuma.

"Hapana. Hapa mimi siwezi kula."

Akabeba kiti chake, akaenda kukaa mbali na kunipa mgongo. Akinyi akamkatia kipande cha samaki, akamfuata. Nikabaki na samaki ananikodolea jicho moja. Wakuu, niliogopa. Nilijua nimeshamkosa Akinyi.

Baadaye Akinyi akarudi anatabasamu, nikakasirika.

"Unacheka nini na mamako amenikataa?"

"Amekukataa wapi? Kwetu mama hawezi kula mbele ya bwana ya binti yake. Asubuhi ulikuwa tu rafiki yangu."

Akaniwekea kisahani cha pilipili mezani.

"Imetoka kwake. Amesema, 'Pelekea orwa, asikule samaki bila pilipili.'"

Orwa kwa Kijaluo ni mkwe wetu.

Nilimla samaki yule peke yangu mpaka kichwa, na machozi yalinitoka. Nikasingizia pilipili.

Nilichojifunza: heshima ya watu usiipime kwa kipimo cha kwenu. Uliza kwanza, utajiokoa presha.

Sasa wenye wakwe wa kando ya ziwa, nishaurini. Nimeitwa Bondo, na yule mama sijui hata nikifika namsalimiaje. Mkono natoa au siutoi?